Kasha la Kioo Lisilo na Koki

Kulikuwa na mtu mmoja aliyetafuta kasha kwa miezi mitatu. Msiniangalie hivyo. Si kasha la nguo, wala si la kuzikia mtu. Kasha la kompyuta, lile umbo la nje ambalo ndani yake wanapanga vyuma na nyaya. Mimi kompyuta siijui, niliuliza na kuuliza tena mpaka nikaelewa, kwa hiyo hata ninyi mtaelewa.

Mtu huyu alikuwa mpiga video. Harusi zenu mnazokatika viuno, yeye ndiye anayekwenda kukaa nazo chumbani, anakata hapa, anaunga pale, anaweka muziki, mpaka bibi harusi aliyekuwa analia kwa sababu viatu vinambana anaonekana analia kwa furaha. Kazi hiyo inachemsha mashine. Na chumba chake kilikuwa chini ya bati, hakina dari. Ikifika mchana mashine inapata moto, inazima, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Akasema basi, nitaunda mashine inayopozwa kwa maji.

Msishangae maji na umeme kukaa nyumba moja. Ni kama lori. Lori lina rejeta, sivyo? Maji yanapita kwenye injini yanachukua moto, yanakwenda kwenye rejeta yanapigwa upepo, yanarudi. Na hii ni hivyohivyo, ila ndogo. Ina tangi, ina pampu, ina vibomba, ina rejeta yake na feni zake. Vyote vinakaa ndani ya kasha. Kwa hiyo ukikosea kasha, umekosea vyote.

Sasa, mpiga video alikuwa na mtani wake. Fundi wa rejeta za malori, gereji yake mtaa wa pili. Makabila yao ni watani tangu kwa babu zao, na hawa wawili walitaniana miaka ishirini bila kuchoka. Mpiga video akipita gerejini, fundi anapiga kelele, "Jamani ficheni kuku, kabila la wezi linapita!" Naye anajibu palepale, "Kuku wenu nani ataiba? Wamekonda kama wanaowafuga!" Mke wa mmoja akijifungua, mwingine anakuja na sabuni na nepi, halafu anasema mtoto ana sura mbaya kama baba yake. Mnaujua utani. Mtu hakasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Makasha yakabaki mawili. Muuza vifaa akayaleta yote studio ili mwenyewe achague.

Moja lilikuwa la chuma cheusi, baya, limetobolewatobolewa kama chekecheke ili lipitishe upepo. Ndani lina nafasi, mkono unaingia mpaka kwapani. Limeinuliwa kwa miguu, na chini yake lina tundu la kupitishia koki ya kumwagia maji. La pili lilikuwa kioo. Kioo mbele, kioo ubavuni, kioo juu, na taa za rangi. Tangi la maji ndilo ukuta wenyewe wa mbele, ukiyatia maji unayaona yakishuka kama pazia. Chini limezibwa. Limekaa sakafuni kama limeota hapo.

Akamwita mtani wake aje atazame, maana mambo ya maji na joto nani pale mtaani aliyajua kumzidi? Siku hiyo studio palikuwa na wageni, binti anayeolewa, mama yake na shangazi zake wawili, wamekuja kupanga siku ya kupigwa picha.

Fundi akaingia na ovaroli lake. Akalizunguka lile la kioo. Akaweka kiganja juu ya kioo ajishikize, akainama kuchungulia chini.

"Mtani, hili maji utayatolea wapi?"

"Niyatoe kwa nini? Nayatia yakae."

"Yakae mpaka lini?"

"Haya ni maji maalumu, meupe kama maziwa. Hayaharibiki."

"Miaka thelathini nafungua rejeta," fundi akasema, "sijakuta maji yanayozunguka mahali yakabaki safi. Hata uyaombee. Chukua hili jeusi. Baya kama wewe, lakini lina pa kutolea uchafu."

Shangazi wakacheka. Binti akacheka. Na hapo ndipo palipoharibika. Siku nyingine yoyote angemrudishia neno, fundi angeongeza lake, wangekunywa chai. Lakini kulikuwa na wageni, na yeye alitaka wamwone mtu wa maana. Akasema, "Wewe umezoea matope ya malori. Vitu vya wasomi utavijulia wapi?"

Hata hilo lingepita. Fundi alishafungua kinywa amjibu. Lakini mpiga video akachukua kitambaa cheupe, akafuta kile kioo pale mtani wake alipoweka kiganja. Akafuta polepole, mbele ya watu, kama unavyofuta mavi ya kuku kwenye kiti.

Fundi akakitazama kile kitambaa. Akasema, "Leo hujanitania." Akatoka.

Mmeona? Miaka ishirini aliitwa kila jina, halikumchubua hata moja. Akaumizwa na kitambaa.

Basi kasha la kioo likanunuliwa. Mashine ikaundwa, maji meupe yakatiwa, taa zikawashwa. Watu walikuja kuitazama kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Waliosema nzuri hawakukosea, ilikuwa nzuri. Mwezi wa kwanza nzuri, wa tatu nzuri, wa tano nzuri. Mwezi wa saba maji yakaanza kufanya chengachenga. Zikakwama kwenye vibomba. Pampu ikawa inaguna kama mzee anayenyanyuka kitini. Moto ukapanda, mashine ikazima mchana, vilevile kama ile ya zamani.

Akaita mafundi wa kompyuta, wakaja wawili. Wakauliza, "Mzee, koki iko wapi?"

"Haina."

"Na kizibo cha tangi?"

"Kiko chini kabisa. Bati la kasha limekifunika."

"Basi tukate bomba hapa juu. Lakini maji yakimwagikia humu ndani, usije ukatuuliza."

Akawafukuza. Mke wake akamwambia, "Si umwite mtani wako? Maji machafu ndiyo kazi yake."

"Atanicheka."

"Kwani mtani ana kazi gani nyingine?"

Mume akasema, "Nitakwenda Jumatatu."

Jumatatu. Nani humu ndani hana Jumatatu yake? Ilikuja Jumatatu, akasema mvua. Ikaja ya pili, akasema leo atakuwa na kazi nyingi. Ya tatu alifika mpaka kona ya gereji, akasikia nyundo inagonga, akarudi nyumbani. Na kila asubuhi alikuwa anafanya nini? Anafuta kioo. Ndani uji uliochacha, mashine haifanyi kazi yoyote, yeye na kitambaa chake anafuta nje.

Jumatatu ya nne alikwenda. Alikwenda msibani. Fundi alianguka gerejini saa nne asubuhi ya Jumamosi, presha, hakuamka.

Na ninyi mnajua mtani anavyofanya msibani. Watani walifika kwa wingi, watu wa kabila la huyu mpiga video. Mmoja akavaa ovaroli la marehemu na buti zake, ya kulia mguu wa kushoto, akawa anapita katikati ya waombolezaji anapiga kelele kwa sauti ileile, "Ficheni kuku!" Wafiwa wakacheka na machozi yanatoka. Wengine wakalala njiani, wakasema jeneza halipiti mpaka waletewe jogoo, maana huyu mtu aliwasingizia wizi miaka yote, sasa wanataka wapewe kweli. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana kubeba.

Halafu wakamsukuma mbele mpiga video. "Huyu ndiye mtani wake wa kila siku. Mseme mwenzako, tusikie!"

Akasimama karibu na jeneza. Akafungua kinywa. Aseme nini? Amwite mchafu? Aseme ana mikono ya matope? Kila neno aliloligusa lilikuwa na kile kitambaa ndani yake. Watu wakangoja. Akafunga kinywa. Bibi mmoja wa pale kwa marehemu akasema kwa sauti ya kusikika, "Maskini mwanangu, mtani alikuwa naye mmoja, na mwenyewe bubu."

Walipotoka makaburini, mjane akamwita pembeni. "Shemeji, njoo." Akampa kitu kimefungwa kwenye tambara lenye grisi. Akafungua. Ilikuwa koki ya shaba, ndogo kama kidole gumba, imesuguliwa mpaka inang'aa. Na kipande cha boksi kilichochorwa kwa kalamu ya seremala, kinaonyesha bati la chini ya kasha likatwe wapi ili kizibo cha tangi kionekane.

"Aliitengeneza wiki ileile mliyokosana," mjane akasema. "Alisema lile kasha halimalizi mwaka."

"Mbona hakuniletea?"

"Alileta. Mara tatu alikuja kwako, na mara tatu akarudi nayo. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia, nimemwona dirishani anafuta kioo. Bado anafuta mkono wangu."

Akarudi jikoni, mama yule. Alikuwa na wageni wa kuwapikia.

Kesho yake mpiga video akaligeuza kasha kichwa chini. Akakata bati kama boksi lilivyoonyesha, akafungua kizibo, akakaza koki mahali pake. Ikaingia kama imezaliwa hapo. Akaliinua juu ya matofali mawili, akaweka beseni, akafungua. Maji yakatoka ya kijivu, yananuka. Akasuuza, akatia mengine masafi. Nusu saa.

Na mashine ikapona. Inafanya kazi hadi leo. Hilo ndilo linaloniuma katika habari hii. Ingekufa, angekuwa na kitu cha kuwaonyesha watu akasema, tazameni nilichopoteza. Haikufa. Ilikuwa kazi ya nusu saa, naye alikuwa amepewa miezi saba. Nasikia siku hizi kile kioo hakifuti tena. Kimejaa alama za vidole vya kila anayeingia, vya wateja, vya watoto wao. Kiganja kimoja tu ndicho hakimo, na alikifuta mwenyewe.

Sasa mmekaa mnamsikitikia. Acheni kumsikitikia, hamumjui. Tujisemee sisi.

Sisi tumechagua makasha gani? Tumechagua ya kioo. Sare za kwaya zimenyooshwa, mapazia sebuleni yamebadilishwa kabla ya wageni, mume na mke wanaingia hapa wameshikana mikono na njiani hawakusemezana. Nzuri, nani anakataa? Ila nauliza kama alivyouliza yule fundi, maji utayatolea wapi? Maana hata watu wanaopendana, wakiishi pamoja, maji yanachafuka. Si kwa sababu ni wabaya. Kwa sababu yanazunguka. Nyumba yenu ina mahali pa kusema "nilikukosea" bila kuvunja kila kitu kilichomo? Au mmeziba chini, mmekaa sakafuni, mnafuta kioo?

Na msiniambie hamkutukana mtu. Yeye naye hakutukana kitu kipya. Alifuta tu. Nasi tunafuta. Ndugu yako maskini anakuja harusini unamkalisha nyuma ya spika. Mama mkwe ameshika kikombe, unakiosha mara mbili akiwa anakuona. Unadhani hakuona? Ameona. Yuko nyumbani kwake na koki mkononi, anakungoja uache kufuta.

Mimi nilimnunia dada yangu miaka sita kwa ajili ya sufuria. Sufuria ninayo. Sina zaidi ya hapo la kusema.

Nilitaka niombe nimalize, lakini tutaomba baadaye. Kuna watu humu wana Jumatatu yao, na wengine nawaona kutoka hapa niliposimama. Simu mnazo, maana zimelia tangu nilipoanza. Toka nje, mpigie. Atakucheka, ndiyo. Mwache akucheke mpaka ashibe. Yule mwenzetu angetoa mashine yake, kioo na taa zote, achekwe na mtani wake hata mara moja.

Mlango ule pale. Sadaka haijapita bado.