Chande na Pointi Mia Tano

Palikuwa na tajiri mmoja aliyeumwa roho kila akimwona mtu anafurahi bila yeye kupata faida. Jina lake Bwana Twalibu Marijani. Alikuwa na gesti saba za bei poa kando ya barabara kuu, zile za neti yenye matundu na ndoo ya maji nje ya mlango. Tena alikuwa na hoteli moja ufukweni, marumaru tupu, ambayo ukishaingia, kula na kunywa ni mpaka wewe mwenyewe uombe msamaha.

Ili gesti zijae, akabuni jambo. Kila usiku utakaolala gesti, unagongewa muhuri kwenye kadi: pointi moja. Zikitimia mia tano, wewe na mwenzio mnakaa hoteli kubwa siku nne, kila kitu bure. Alicheka peke yake alipoliandika lile tangazo. Nani atakayelala kwenye yale magodoro mara mia tano na bado awe na mgongo wa kupeleka ufukweni?

Chande Mfaume alilala. Alikuwa muuza viatu vya mitumba, mtu wa minada, leo Kibaigwa, kesho Makambako. Miaka tisa. Kunguni wa gesti zile walimjua kwa jina. Na nyumbani alikuwa na mkewe, Mama Shufaa, aliyeahidiwa fungate tangu siku ya harusi. Akaingoja, akaingoja, mpaka Shufaa mwenyewe kaolewa, kaenda fungate na kurudi.

Basi siku kadi ilipojaa, Chande akavaa koti la harusi, lililokataa katakata kufungika vifungo, wakaenda.

Niwaambie ukweli, hakuingia kishujaa. Mlangoni alimpa mkono bawabu akamwita Bwana Mkurugenzi, kwa sababu ya vifungo vya dhahabu vya sare yake. Walipomfunga utepe wa plastiki mkononi, akauliza, "Huu ni wa wodini au wa mnadani?" Asubuhi alitandika kitanda, akapiga deki chumba, akamkabidhi mhudumu ufunguo kwa mikono miwili: "Nimekuachia pasafi, mwanangu." Kwenye chai ya asubuhi akatia mayai manne ya kuchemsha mfukoni.

"Baba Shufaa," mkewe akanong'ona, "mayai yatakuwepo hata kesho."

"Najua, mke wangu. Tumbo limeshaelewa. Mfuko ndio bado hauamini."

Mama Shufaa alicheka mpaka akashika meza. Chande hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka vile. Akasema moyoni, afadhali nionekane mjinga siku zote nne.

Siku ya pili, mchana, Bwana Twalibu akaingia ukumbi wa chakula kukagua mali yake. Akamwona mtu wa koti na kandambili, sahani ya nne mbele yake, kamba wamepangwa wawili wawili kama viatu vya mnadani. Akauliza, ni nani yule? Akaambiwa, yule ni wa pointi. Uso ukamwiva. Akaenda kusimama mbele ya meza yao.

"Wewe ndiye Chande?"

"Ndimi, bwana. Wako akina Chande wazuri zaidi, ila hawakupata nafasi."

"Maliza hiyo sahani, ufungashe."

"Nimekosa nini, bwana?"

"Unanishushia hadhi ya hoteli."

Mama Shufaa akaweka kijiko chini. Chande akauona mkono wake ukiufuata mkoba, taratibu, kama mtu aliyejua tangu mwanzo kwamba mambo yangefika hapa. Hapo ndipo palipomchoma. Yeye mwenyewe kufukuzwa alikwishazoea, alifukuzwa hata na wanunuzi. Lakini si mbele ya mkewe, na si siku hii.

"Kadi yangu imejaa, bwana. Mihuri yote ni yako."

"Leo natoa sheria mpya. Humu halali mtu ambaye hajalipa kwa fedha ya mfukoni mwake. Asiyelipa atoke kabla ya alasiri."

"Sheria nzuri," akasema Chande. "Na mfuko wangu nausema mwenyewe, bwana: una mayai tu."

Meza ya jirani wakacheka. Bwana Twalibu hakucheka.

"Basi simama utoke."

"Nasimama." Akasimama kweli, akajaribu kufunga koti, likakataa. "Ila mimi mshamba, bwana. Nisaidie nijue wenzangu hulipaje, nikirudi kwetu nikawafundishe. Wale waheshimiwa wa meza ndefu, wenye vitambulisho shingoni?"

Bwana Twalibu akavimba kifua. "Wale ni wakurugenzi. Wana semina ya wiki nzima, semina ya kubana matumizi. Ofisi yao inalipa."

"Mashallah. Na yule mzee anayekoroma kando ya bwawa?"

"Meneja wa benki. Benki ndiyo inayolipa."

"Na yule binti wa miwani, anayekipiga picha chakula wala hakili?"

"Huyo hatozwi. Ananitangaza mtandaoni."

"Na yule bwana aliyeagiza kamba mkubwa wa tatu?"

"Yule ni shemeji yangu."

"Analipa?"

Bwana Twalibu akakohoa. Kule meza ndefu vijiko vilikuwa vimenyamaza, na wakurugenzi walikuwa wanazitazama sahani zao kana kwamba ndio kwanza wanaziona.

"Maswali yamekwisha!" akafoka kwa sauti ya chini. "Sheria umeisikia. Toka!"

"Nimeisikia, bwana, lakini nimeisikia peke yangu. Panda juu ya kiti uitangaze, tuisikie sote inaotuhusu. Na uagize mabasi kabisa, maana moja halitatutosha."