Mwenye Mpira Hatolewi

Kijiji kizima kilikuwa na mpira mmoja, nao ulikuwa wa Shekiondo, tajiri wa mashine ya kusaga na nahodha wa timu yake. Refa akimtoa, anaondoka nao kwapani, mechi inafia hapo. Basi akawa anatukana marefa apendavyo.

Siku ya fainali alimfokea Refa Hoza: "Kipofu we! Mbuzi wangu angechezesha vizuri zaidi!"

Hoza aligusa kadi nyekundu mfukoni, akaiacha. "Kweli, bwana mkubwa, macho yamechoka. Wewe ungeweza?"

"Tena sana!"

"Basi tuokoe." Akamvisha filimbi shingoni.

Papo hapo Shekiondo akapuliza. "Penalti kwetu! Napiga mimi!"

"Refa hachezi, bwana mkubwa."

"Basi chukua filimbi yako!"

"Nikiichukua, penalti naifuta. Mimi kipofu, sikuiona."

Shekiondo akaing'ang'ania filimbi. Beki wake akapiga penalti, mpira ukapaa hadi kwenye mihogo. Wachezaji wenzake kumi waliobaki wakamvamia Shekiondo: "Kipofu we! Nani alikutuma uache kucheza?"

"Hoza! Unasikia wanavyonitukana?"

Hoza akamkabidhi ile kadi nyekundu. "Watoe tu, bwana mkubwa. Hao hawana mpira."