Mchungulia Chungu

"Mchungulia chungu hula nyama ngumu." Mmenisikia nikimwambia Lusajo, anayempigia mchumba wake simu kila baada ya dakika kumi, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, tena ilianzia jikoni kwetu, Tukuyu.

Dada yangu Tusekile alikuwa amechumbiwa na Ambakisye. Ukoo wa kijana huyo ulikuwa na desturi moja ya kuudhi: siku ya posa, shangazi yao huandaliwa mbavu za nguruwe, na akibakiza nyama kwenye mfupa, harusi husogezwa mwaka mzima. Shangazi mwenyewe, Gwantwa, alikuwa na meno matatu tu, tena hayakutani. Na Dada alimpenda Ambakisye mpaka sisi tukaona aibu. Mwaka mzima angeumaliza vipi?

Akaamua kutumia jiko la kapu. Alfajiri alizibabua mbavu kwenye mkaa, akazipaka asali, nyanya, tangawizi na ndimu, akazichemsha mpaka mvuke ukainua mfuniko. Kisha akakitumbukiza chungu ndani ya kapu kubwa lililojaa majani makavu ya mgomba, akafunika kwa mablanketi mawili na ubao. Hakukuwa na moto. Joto la chungu lenyewe ndilo lingepika, taratibu, hadi nyama iachie mfupa.

Sisi wenye imani haba tulihangaika. Nyama iive bila moto? Mama akafunua kidogo, aonje. Baba akaingia jikoni eti anatafuta jembe, akafunua. Mimi nilifunua mara mbili, na ile harufu siijutii hadi leo. Saa saba mchana Dada akagusa chungu, akakuta vuguvugu. Nyama ilikuwa ngumu kama kwato. Akalia, nasi tukatazama chini, kila mtu na dhambi yake.

Hakulia sana. Alichemsha upya, akarudisha chungu kapuni, akafunika vizuri, halafu akakaa juu ya ubao.

Wageni wakamkuta palepale. Mama nusura azimie: binti anaposwa, na hapigi magoti kuwasalimu wageni! Mara Gwantwa akaingia jikoni na mkongojo wake.

"Shikamoo, Shangazi," Dada akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Magoti yanauma?"

"Hapana, Shangazi. Nikiinuka, hawa watafunua chungu, nawe utashindwa kula. Nisamehe."

Gwantwa akatutazama mmoja mmoja, Baba, Mama, mimi, kisha akaangua kicheko mpaka meno yote matatu yakaonekana.

"Inuka, mwanangu, kaoge ubadilishe nguo. Nitakalia mimi. Tuone nani ataniondoa."

Akakaa hadi saa kumi na moja. Harufu ilimtesa. Dada aliporudi amependeza, Gwantwa akamsihi, "Nichungulie kidogo tu?"

"Hapana, hata wewe, Shangazi."

Chungu kilipofunguliwa, nyama ilikuwa ikiteleza yenyewe. Gwantwa alikula ubavu wa kwanza, wa pili, wa tano, tukaacha kuhesabu. Hatimaye akainua mfupa juu, mweupe pe. Vigelegele vikalipuka, Ambakisye akarukaruka kama ndama, nami kwa furaha nikamkumbatia mzee mmoja wa upande wao nisiyemjua hata jina. Harusi ikapangwa Jumamosi ya pili.

Gwantwa akalamba vidole bila haraka, akatugeukia sisi wenye nyumba.

"Binti mmelea," akasema. "Ila nanyi mjue: mchungulia chungu hula nyama ngumu."