Jina la Kibao cha Bi Kibibi

Haya, sogeeni. Mwenye kutafuna atafune taratibu, maana nikimaliza kuna swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Korogwe palikuwa na mama mmoja, Bi Kibibi, muuza vitumbua wa stendi, mwenye watoto watatu wakubwa. Zubeda alikuwa na jicho: mwonyeshe kitu chakavu, atakwambia kama bado kina uhai. Athmani alikuwa na ulimi: akianza kukubembeleza, unajikuta umeshakubali. Mbwana, kitinda mimba, maneno yalimshinda, lakini mikono yake hakuna kazi iliyoishinda.

Basi Bi Kibibi akakodi nyumba afungue hoteli. Na kabla hajanunua hata kijiko, akamwambia jirani yake aliyekuwa anaoza binti, "Ijumaa walete wageni wako wote. Pilau watakula kwangu, tena wamekaa vitini!" Mtaa mzima ukasikia. Aliporudi ndani ndipo alipokumbuka kuwa jiko hana, meza hana, viti hana. Lo!

Akawaita wanawe. "Jamani, nikiaibika Ijumaa, hata stendi sirudi, nitaiweka wapi sura yangu? Atakayeniwezesha kuwalisha wale watu, jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye kibao cha hoteli." Na mama yule akishasema, amesema.

Wakaenda Tanga, yeye na Zubeda na Athmani, kwenye hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo na kuuza vya zamani. Uani kulikuwa na jiko linang'aa, Bi Kibibi akalikimbilia. Zubeda akamshika mtandio. "Mama, hilo limepakwa rangi tu, ndani limekufa. Njoo huku." Akapenya nyuma ya makabati, akagonga jiko kuukuu la chuma, limejaa kutu. Likawashwa, moto ukasimama wa bluu, safi. Karibu yake akafuta vumbi kwenye meza na viti vya mninga ambavyo watu walivipita wakidhani ni kuni.

Muuzaji akatikisa kichwa. "Hivyo vina mwenyewe, mtu wa Muheza."

Athmani akavuta kiti, akakaa. "Huyo wa Muheza anakuja lini, mzee wangu?"

"Kasema karibuni."

"Karibuni! Mama yangu huyu hapa, kavaa mpaka viatu vya Idi, na harusi ni Ijumaa. Wewe hukuzaliwa na mama?"

Muuzaji akacheka. Chai ikaletwa, wakanywa, wakaulizana habari za koo zao, na mwisho muuzaji mwenyewe ndiye aliyeshika pembe ya jiko kulipandisha kwenye lori.

"Litaingia jikoni?" Bi Kibibi aliuliza. Zubeda alikuwa ameupima mlango wa jikoni kwa dhiraa ya mkono wake. Athmani akalipima jiko kwa dhiraa ya mkono wake. Hesabu zikalingana. "Litaingia bila wasiwasi!"

Ijumaa asubuhi jiko likakwama mlangoni. Wakaligeuza huku, wakaligeuza kule, wapi! Ndipo walipotazamana mikono: wa Zubeda mfupi, wa Athmani mrefu. Bi Kibibi akakaa chini kwenye vumbi, akalia. Mchele ulikuwa umeshalowekwa.

Mbwana akainuka. Akachukua nyundo na tindo, akauvunja ukuta uliotenga jikoni na ukumbi wa kulia.

"Mbwana! Nyumba ya watu hii!" mama yake akapiga ukelele.

"Nitajenga," akasema. Jiko likapitia mlango mpana wa mbele, likavuka ukumbi, likaingia. Naye akaujenga ukuta upya, lakini aliishia kiunoni, akaweka ubao juu.

Wageni wakaja, wakaketi kwenye mninga, na kupitia uwazi ule wakaona sufuria likifunuliwa na mvuke ukipanda. Harufu ikawafuata mezani. Mama wa bibi harusi akapiga vigelegele kabla hajaonja. Bi Kibibi alitembea kifua mbele siku ile, nawaambia.

Jioni fundi wa kibao akapanda ngazi, akaandika "Hoteli ya", kisha akageuka. "Ya nani, Bi Kibibi?"

"Bila mimi mngenunua rangi," akasema Zubeda.

"Bila mimi jiko lingekuwa Muheza," akasema Athmani.

"Bila mimi lingekuwa nje," akasema Mbwana, na hayo ndiyo maneno yake marefu kuliko yote wiki ile.

"Nje kwa sababu ya mkono wako, Athmani!" akadakia Zubeda.

"Wangu au wako?"

Bi Kibibi akawatazama wanawe. Aliwapenda wote kwa moyo mmoja, na moyo huo ulikuwa unamuuma, maana ahadi aliitoa kwa jina moja.

Msiniambie waandikwe wote, kibao ni kidogo. Na wewe huko nyuma, usiseme liwe jina la mama. Walishamwambia, amekataa. Rangi inadondoka kwenye brashi na fundi bado yuko juu ya ngazi, shingo kageuza. Je, angekuwa anakutazama wewe, ungemwambia aandike nani?