Kwa Nini Jina la Bibi Harusi Huandikwa Asubuhi

Ngoo!

Kengele ya kanisa la Falkenrode ililia mara moja tu usiku ule, ikanyamaza. Wanakijiji walikaa vitandani wakingoja mlio wa pili, kwa maana mtoto wa kabaila akifa, kengele hugongwa mara tisa. Mlio wa pili haukuja. Kule juu mnarani Bibi Agnes, mjane mwenye ngome ya pale, alikuwa ameikamata kamba kwa mikono miwili, analia bila sauti, na mgonga kengele amesimama pembeni, hajui afanye nini.

Binti yake mkubwa, Sidonia, alikuwa amekata roho kwa homa. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Ili mwelewe kwa nini mama aliizuia kengele ya mwanawe, ni lazima mjue mambo yalivyokuwa zamani hizo katika nchi ya Wajerumani, kwenye bonde la mto Ebra. Makabaila wa huko hawakuoana wao. Zilioana ngome zao. Mtoto alichumbiwa hata kabla ya kuota meno. Wazee waliketi, mwandishi akachovya kalamu, na jina la bibi harusi likaandikwa kwenye ngozi pamoja na misitu, vinu na visima. Kisha nta nyekundu ilidondoshwa, mihuri ikagandamizwa, na kilichoandikwa hakikufutika tena.

Mkataba wa Sidonia ulikuwa umekomesha vita. Nyumba ya Falkenrode na nyumba ya Ebersau ziligombea msitu mmoja kwa miaka arobaini, hata bondeni hapakuwa na kijiji ambacho hakijawahi kuchomwa moto. Ndipo ikakubaliwa kwamba Sidonia ataolewa na Volrad wa Ebersau, na msitu uwe wa nyumba zote mbili. Lakini mwandishi, mzee Matern, alipenda mno usahihi. Aliandika: "Sidonia, na si mwingine." Kwa maneno hayo matatu ya mwisho, Sidonia akifa mkataba unakufa naye, na mienge inarudi bondeni.

Bibi Agnes alikuwa na binti mwingine. Dada hao wawili walipishana mwaka mmoja, na walifanana hata mlezi wao aliwachanganya. Kulipopambazuka, mama alipiga magoti mbele ya yule mdogo, akamshika mikono.

"Mwanangu, aliyekufa ni wewe."

Mtoto alidhani mama amerukwa na akili. "Mama, mimi niko hapa."

"Najua, roho yangu. Najua. Lakini tukisema ni Sidonia, watakufa wengi. Nipe jina lako nimzike nalo dada yako. Wewe uvae lake."

"Mpaka lini?"

Mama akamvua shali yake, akamvika ya Sidonia.

Mchana kengele ikalia mara tisa kamili, kwa ajili ya mdogo mtu. Jiwe likachongwa jina lake. Na kwa miaka mitano, kila Jumapili, yeye mwenyewe alipita kando ya jiwe lile, akaweka maua, akasoma jina lake, na watu wakanong'ona, "Tazama anavyompenda mdogo wake." Hakuna aliyemwita tena kwa jina lile, hata mama yake, hata mlango ukiwa umefungwa. Bibi Agnes aliogopa kwamba likimtoka mdomoni siku moja, litamtoka kila siku. Lakini kilichomuuma binti zaidi hakikuwa jina lake. Ni kwamba tangu dada yake afe, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemlilia Sidonia.

Akatimiza miaka ishirini, akapelekwa Ebersau kuolewa.

Volrad alikuwa kijana mtaratibu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Kwenye karamu ya harusi alikaa akimtazama mkewe. Watu waliompongeza bibi harusi walimwita Sidonia, naye kila mara aligeuka kwa kuchelewa kidogo. Shangazi yake Volrad, Bibi Walpurga, aliyekuwa na ulimi kama upupu, alimwita kutoka upande wa pili wa meza mpaka akachoka.

"Sidonia! Sidonia, we! Jamani, tumeletewa bibi harusi mzuri, ila masikio kayaacha kwao!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi harusi akatabasamu, akatazama sahani yake. Volrad hakucheka.

Sasa, ilikuwa desturi kwamba asubuhi ya kwanza, mbele ya nyumba zote mbili, mume humpa mkewe zawadi iitwayo zawadi ya asubuhi. Hiyo ilikuwa mali ya mke peke yake. Mkataba wenyewe ulisema hakuna mtu wa nyumba hii wala ile atakayeihoji, wala kuichukua, wala kuuliza kwa nini imetolewa. Kabla hawajateremka ukumbini, Volrad alisimama na mkewe dirishani.

"Nimekuandalia shamba la mizabibu," alisema. "Lakini kuna jambo nataka kukuuliza kwanza. Niliwahi kuwa na farasi aliyebadilishwa jina. Nikimwita, alikuwa anageuka, ila kwa kuchelewa, kama mtu anayekumbuka jambo. Usinikasirikie."

"Unanifananisha na farasi, bwana?"

"Farasi yule nilimpenda sana."

Mkewe akacheka kabla hajajizuia, na kicheko kikageuka kilio. Akamweleza yote: homa, kengele, jiwe, maneno yale matatu ya mzee Matern. Akamaliza, akajifuta uso.

"Jina langu usiniulize. Nikilisema, mkataba umevunjika, na ndugu zako watawasha mienge."

Volrad aligeuka akatazama bonde kule chini. Utotoni mwake aliwahi kuona kijiji kikiungua, na harufu ile hakuisahau. Kisha akasema polepole, "Mkataba unasema zawadi ya asubuhi haihojiwi."

"Ndivyo ulivyoandikwa."

"Haukusema lazima iwe shamba."

Mkewe akamtazama. Akainuka kwa ncha za vidole, akamnong'oneza sikioni.

Ukumbini mzee Matern alikuwa tayari, kalamu mkononi, baridi imemkunja kama jani kavu. "Haya, bwana, taja zawadi. Wino unaganda, na mimi naganda nao."

"Andika hivi," alisema Volrad. "Nampa mke wangu jina alilozaliwa nalo. Na jina alilovaa miaka mitano alirudishe kwa dada yake, likachongwe kwenye jiwe, apate kuliliwa."

Bibi Agnes akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Bibi Walpurga akasimama. "Tumedanganywa! Huyu siye!"

Wanaume wa Ebersau wakaanza kunyanyuka. Ndipo mzee Matern akaweka kalamu chini, akaukunjua mkataba, akasoma kwa sauti mahali panapohusu zawadi ya asubuhi, neno kwa neno. "Haihojiwi, Bibi. Na anayepewa zawadi hiyo ni mke. Asiye mke hapewi. Huyu amepewa, basi ni mke, na mkataba unasimama. Niliandika mwenyewe." Akakohoa. "Napenda usahihi."

Bibi Walpurga alimtazama yule binti aliyeukamata mkono wa mumewe kwa mikono miwili. Alitazama kwa muda, kisha akaketi, na waliosimama wakaketi naye.

"Basi alitaje, tulisikie," alisema. "Jana nilimwita mtoto wa watu kiziwi bure."

Na tangu siku hiyo, katika bonde la Ebra, mwandishi wa mkataba wa ndoa huacha nafasi tupu pale penye jina la bibi harusi. Huijaza asubuhi inayofuata, na hakuna anayemega mkate kabla bwana harusi hajasimama mbele ya watu wa pande zote mbili akalitaja jina la mkewe, kama mke mwenyewe alivyomnong'oneza sikioni. Ndivyo alivyosimama Volrad asubuhi ile, Bibi Agnes amejifunika uso kwa viganja, kalamu ikingoja juu ya ngozi. Akamgeukia mkewe, na kwa sauti ya chini ya kumwita mtu aliye karibu, akasema:

"Ottilia."