Aliyesomeshwa Ili Amshtaki Mthamini

Isome polepole hadithi hii, na ukiimaliza mtumie mzazi yeyote mwenye mtoto chuoni.

Katika kijiji cha Ikubo, kwenye miteremko ya chai na migomba, aliishi mtu mmoja ambaye majirani zake waliacha kumsalimia. Aliitwa Lutengano. Alikuwa mthamini wa ardhi, mzaliwa wa palepale. Barabara ya lami ilipopitishwa kwenye mashamba ya bondeni, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupima kila shamba na kusema lina thamani gani, ili wenyewe walipwe fidia.

Fidia ililipwa. Watu wakachukua hela zao, wakavuka mto kwenda kutafuta mashamba mengine, wakakuta hela hazitoshi. Aliyekuwa na shamba kubwa akarudi na kipande cha kupanda mahindi ya kuchoma. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Ametuuza," walisema. "Mtoto wetu wenyewe, ametuuza kwa wenye barabara."

Tangu siku hiyo, Lutengano akipita njiani watu walitazama pembeni. Mama yake alipofariki, vijana wa kuchimba kaburi ilibidi waombwe kutoka kijiji cha jirani. Ikubo nzima ilibaki nyumbani. Kwa mtu wa kule, hakuna adhabu kubwa kuliko kuachwa peke yako kwenye msiba.

Miongoni mwa waliobaki nyumbani alikuwa Mzee Ambokile. Shamba lake lote la migomba lilikuwa limeliwa na barabara. Alikuwa na binti aitwaye Subilaga, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita na kufaulu hesabu kuliko wavulana wote wa tarafa.

Jumapili moja baada ya ibada, wanaume wa kijiji walikusanyika kwa Mzee Ambokile. Aliyewaongoza ni Mzee Mwaisumo, mtu mwenye sauti kubwa na hasira kubwa zaidi.

"Binti yetu," alisema, "tumekubaliana kukuchangia. Nenda chuo kikuu ukasome kazi ileile anayoifanya Lutengano. Ukirudi, utuoneshe alipotuibia, tumpeleke mahakamani."

Subilaga hakuhitaji kubembelezwa. Kila asubuhi alimwona mama yake akienda kulima kwenye shamba la kukodi, mbali, na jembe begani kama kibarua. Alimchukia Lutengano kwa moyo wake wote.

"Nitamleta mbele yenu," alisema.

Basi akaenda chuo kikuu, akajiandikisha kusomea uendelezaji, uwekezaji na uthamini wa ardhi na majengo. Wenzake darasani walikuwa na ndoto zao. Huyu alitaka kujenga maghorofa, yule alitaka kununua viwanja pembezoni mwa mji na kusubiri bei yake ipande. Subilaga alitaka kitu kimoja tu, na hakumwambia mtu.

Mhadhiri wao mkuu alikuwa Dokta Kemilembe, mama mfupi, mkali, asiyependa majibu ya haraka. Siku moja aliwatoa wanafunzi darasani, akawapeleka mtaa wa jirani, akawasimamisha mbele ya nyumba mbili zinazofanana, zilizojengwa na fundi mmoja.

"Ipi ina thamani kubwa?" aliuliza.

"Zote sawa," walijibu.

Akawazungusha nyuma. Nyumba ya kwanza ilipakana na njia nzuri ya magari. Nyuma ya ile ya pili palikuwa na korongo lililokuwa likimeguka kila masika, na ufa ulikuwa umeshaanza kupanda ukutani.

"Mmetazama rangi na mabati," alisema Dokta. "Kazi yenu ni kutazama mpaka mjue. Hampimi mnachokipenda, wala hampimi mnachokichukia."

Subilaga alinyoosha mkono. "Dokta, na mwenye mali akidanganywa na mthamini, atajuaje?"

"Ampate mtu wa kupima upya asiyempendelea yeyote."

"Hata yeye mwenye mali?"

"Hasa yeye."

Jibu hilo halikumfurahisha Subilaga, lakini halikumtoka kichwani.

Alisoma kwa bidii iliyowashangaza hata walimu. Alijifunza namna kiwanja kitupu kinavyoweza kugeuka soko, na namna ya kujua mapema kama soko hilo litapata wateja au litabaki makao ya popo. Akajifunza kwa nini mwekezaji mmoja hukimbia mahali ambapo mwingine anapakimbilia. Somo la uthamini ndilo alilolishika kuliko yote. Wenzake walipokwama, walimwendea yeye, naye aliwaelekeza bila kujivuna.

Mwaka wa pili mambo yakaharibika. Bei ya chai ilishuka, na michango ya kijiji ikakauka. Mzee Ambokile alimpigia simu, akazungumza kwa shida.

"Mwanangu, tumejaribu. Imeshindikana."

Subilaga alilia, akafunga sanduku lake. Kabla hajaondoka, mchungaji wa kijijini kwao akampigia.

"Fungua sanduku, rudi darasani. Ada imepatikana."

"Nani ametoa, Mchungaji?"

"Mtu anayetaka usome. Wewe soma."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Ada ikaendelea kulipwa mpaka mwisho.

Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti wake. Subilaga akachagua fidia ya barabara ya Ikubo. Dokta Kemilembe aliisoma mada hiyo, akainua macho.

"Unakwenda kutafuta jibu," alimuuliza, "au unakwenda nalo mfukoni?"

Na kweli, Subilaga alikuwa nalo mfukoni.

Akarudi Ikubo wakati wa likizo na kuianza kazi. Aliwatafuta watu waliouza mashamba ya bondeni kabla barabara haijatajwa, akawauliza waliuza kwa bei gani na kwa nani. Alipima vipande vilivyosalia kando ya lami. Aliwauliza wazee migomba ilisimama wapi, miparachichi ilikuwa imeanza kuzaa au bado. Mvua ilimnyeshea, akapimia kwenye matope. Watu walimwona wakasema, "Mtoto anafanya kazi. Safari hii Lutengano amekwisha."

Kisha akakaa chini kupiga hesabu.

Shamba la kwanza lilitoka karibu sawa na thamani aliyoiandika Lutengano kwenye karatasi za fidia. La pili vilevile. La tatu, Lutengano alikuwa amempa mwenye shamba zaidi kidogo kuliko alivyopata yeye. Subilaga akadhani amekosea. Akarudia yote kwa njia nyingine aliyofundishwa. Majibu yakawa yaleyale.

Alikasirika. Alimkasirikia Lutengano kwa kutokuwa mwizi. Amewahi mtu kuona hasira ya namna hiyo? Subilaga aliijua sababu yake: alikuwa amebeba chuki miaka yote ile, na sasa hakujua pa kuitua.

Lakini kama hakuna aliyeiba, kwa nini mama yake alikuwa analima shamba la kukodi? Hakutulia mpaka alipovuka mto na kuzungumza na wauzaji wa kule. Mmoja wao akacheka, akamwambia bila kuficha.

"Binti, nyie wote mlilipwa wiki moja, mkaja wiki moja. Mkapanga foleni hapa mlangoni kwangu. Wewe ungeona foleni hiyo, usingepandisha bei?"

Hapo akaelewa. Siku Lutengano alipopima, thamani ilikuwa ileile aliyoisema. Watu walipofika sokoni wote kwa pamoja, bei ilikuwa imewakimbia.

Jioni hiyo alimkuta mama yake jikoni akimenya ndizi.

"Mama, nikikuta kwamba yule mtu hakutuibia?"

Mama hakuinua macho. Alimenya ndizi mpaka ikaisha. "Utasema ulichokikuta. Usipokisema, tulikusomesha kitu gani?"

Siku ya mkutano wa kusikiliza majibu yake, uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Lutengano hakuwepo. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Haya, mwanetu," alisema Mzee Mwaisumo, akisugua viganja. "Tusomee."

Subilaga alijua nani walimchangia, na alijua walichangia ili waambiwe nini.

"Shikamooni wazee wangu. Nimepima. Lutengano hakutuibia."

Uwanja ukalipuka.

"Amenunuliwa!"

"Tumesomesha nyoka!"

Subilaga alisubiri. Walipochoka, akamgeukia mwenye sauti kubwa kuliko wote.

"Baba Mwaisumo, naomba unisaidie. Kabla barabara haijasemwa, nani aliuza shamba lililopakana na lako?"

"Mwakalinga."

"Unakumbuka aliuza kwa bei gani?"

Mzee Mwaisumo alikumbuka, akaitaja. Watu wengine wakaitikia kwamba ndiyo, ni hiyo.

"Shamba lako lilikuwa kubwa kuliko la Mwakalinga, au dogo?"

"Sawasawa. Mpaka wetu ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya kutenganisha mashamba."

"Na wewe ulilipwa zaidi ya hiyo bei, au pungufu?"

Mzee Mwaisumo alishusha mikono. Alitazama chini.

"Zaidi," alisema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

Hakuna aliyepiga kelele tena. Mmoja baada ya mwingine walianza kutaja mashamba yao na ya majirani zao, wakapiga hesabu wenyewe, kwa vidole, kwa vijiti ardhini. Mwishowe mama mmoja akauliza kwa uchungu, "Basi, hela yetu ilikwenda wapi?"

Subilaga akawaeleza habari ya foleni. Kisha akasema, "Mimi nimemchukia mtu yule miaka yote hii, na sikuwa nimepima kitu chochote. Kwa hilo ninaona aibu."

Katikati ya maneno hayo, baba yake alisimama. Mzee Ambokile alivaa kofia yake, akapita katikati ya watu na kuondoka bila kuaga. Subilaga alimwona akienda zake na moyo ukamuuma. Alijua amempoteza baba yake.

Mkutano ulipoisha, akaenda moja kwa moja kwa Lutengano kuomba radhi. Alipofika uani, alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda, kofia mapajani, mbele yake Lutengano amesimama machozi yakimtiririka.

"Nimekuja kwenye msiba wa mama," Mzee Ambokile alikuwa anasema. "Nimechelewa."

Subilaga alisimama palepale uani. Hakuwahi kumpenda baba yake kama siku ile.

Walikaribishwa ndani. Alipoomba radhi, Lutengano alimzuia kwa mkono, akamuuliza badala yake alitumia njia gani kupima mashamba yasiyokuwa na jirani aliyeuza. Wakazungumza kama watu wa kazi moja. Mke wa Lutengano, Mama Ipyana, akaleta chai. Alikuwa amesikiliza yote kutoka jikoni, na furaha ilimshinda.

"Afadhali," alisema, "ile ada haikwenda bure."

"Mama Ipyana!" mumewe alimkaripia, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Subilaga akaweka kikombe mezani. "Ada gani?"

Lutengano akatazama sakafuni kama mtu aliyekamatwa.

"Ulikuwa wewe?" Subilaga alisema. "Ulijua nimepelekwa kusomea nini?"

"Kijiji kizima kilijua."

"Na bado ukalipa?"

"Mwanangu, mimi ningejitetea mpaka nizeeke, nani angenisikiliza? Alihitajika mtu wanayemwamini, na huyo mtu ajue kupima. Walishamchagua wenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenionea haya. Ukishamwonea mtu haya huwezi kumpima sawasawa. Hata mchungaji nilimsihi anyamaze."

Subilaga alifuta macho kwa kiganja. "Mwaka wa pili nilikuwa sijui chochote ila hasira. Ningeishia pale, ningerudi hapa na kukushtaki."

"Najua," alisema Lutengano. "Ndiyo maana nilitaka umalize."

Kesho yake asubuhi Mzee Mwaisumo alionekana mbele ya nyumba hiyo na mkungu wa ndizi kichwani. Alisimama nje, asijue aanzie wapi. Lutengano akatoka, akampokea mzigo, wakaingia ndani pamoja.

Funzo: Kama umetenda haki, usimzuie anayekwenda kusoma ili akuchunguze, msaidie amalize. Na wewe uliyesomeshwa, sema ukweli ulioupata, hata kama sio ule uliotumwa kuutafuta.