Kwa Nini Ichasenyi Hawanyamazi Ukungu Ukishuka

Zamani, enzi ambazo hata babu zetu walisimuliwa tu, mlima huu ulikuwa pale pale ulipo na ukungu ulikuwa huu huu mnaouona, ila watu wa Ichasenyi walikuwa na desturi nyingine. Ukungu ulipoanza kushuka kutoka kileleni, kila mtu aliacha alichokuwa akifanya, akaingia ndani, akafunga mlango, akanyamaza. Mama alimtuliza mtoto kwa titi. Mwenye kikohozi alikohoa ndani ya ngozi aliyojifunika. Hata mbuzi walitupiwa majani ili midomo yao iwe na kazi. Watu waliamini kwamba ukungu ni pumzi ya wahenga waliokuja kuwatazama wajukuu wao, na kwamba sauti ya aliye hai ikisikika humo, wahenga wangeichukua waondoke nayo, na watoto ambao bado wamo matumboni wangezaliwa mabubu.

Ichasenyi kiko juu mno, nanyi mnakijua. Mashamba yake yamening'inia kwenye miteremko, na wazee husema kwa utani kwamba mtu akiteleza akipalilia viazi vyake, huokotwa kwenye mahindi ya jirani. Baridi yake haina msimu. Moto hauzimwi tangu mwaka uanze hadi uishe, na watu na mbuzi hulala chini ya paa moja wapate kupeana joto. Njia ni nyembamba, na iliyo mbaya kuliko zote hupita kando ya genge. Ukungu haupigi hodi. Mtu huinama kuchuma mboga kukiwa kweupe, akiinuka haoni vidole vyake. Basi waliokuwa wamewahi kufika nyumbani walinyamaza ndani, na wasiowahi walitangatanga peke yao nje. Wengine walirudi. Wengine waliokotwa chini ya genge, na watu wakasema wahenga wamewaita, wakawazika, na mwiko ukaendelea kushikwa.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke aliyeitwa Mghoi. Mumewe, Mwamburi, alitoka siku moja kwenda kuzibua mfereji wa maji, ukungu ukamkuta huko. Mghoi alikaa ndani na mtoto wao mchanga, akanyamaza kama ilivyompasa. Ukungu ulipoinuka, watu walimkuta Mwamburi chini ya genge. Lakini kabla ya kumkuta huko walikuta nyayo zake kwenye tope, zimepita chini ya upenu wa nyumba yake mwenyewe, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angegusa ukuta. Hapo hazikusimama. Zilikwenda moja kwa moja hadi gengeni.

Hakuna aliyemlaumu Mghoi. Wazee walimsifu kwa kushika mwiko. Ila yeye alizitazama nyayo zile mpaka mvua ikazifuta, na tangu hapo kimya kile kikamwingia kikakaa, hata siku za jua. Alimlea mwanawe Mwadime kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Alilima, alikamua, aliazima na kuazimwa, na alipoulizwa jambo alijibu kwa kutikisa kichwa. Watu walimzoea hivyo.

Mwadime alipokuwa mtu mzima alishuka bondeni, akarudi na mke. Binti huyo aliitwa Nyambu. Alikuwa mtoto wa watu wa tambarare, huko ambako ardhi imelala na mtu humwona mgeni wake tangu akiwa mbali kama sisimizi. Nyambu alikuwa na maneno mengi na kicheko cha karibu. Aliimba akisaga wimbi, aliongea na mbuzi, alimwuliza kila aliyepita njiani ametoka wapi na huko wamelalaje. Baridi ilimtesa sana mwanzoni. Meno yaligongana akiwa amekaa karibu na moto, naye akacheka mwenyewe kwa mlio wa meno yake.

Mghoi alimpenda mkamwana huyo, tena mapema, lakini hakujua namna ya kumwambia. Alimwachia sehemu yenye joto kuliko zote pale jikoni, yeye akahamia upande wa mlango penye upepo. Usiku alimwongezea ngozi ya kujifunika. Nyambu, aliyezoea watu wanaosema, hakuyaona hayo. Aliona tu mavyaa asiyemwita hata kwa jina. Siku moja aliunguza maharage, na Mghoi akayala yote kimya, mpaka bakuli likabaki jeupe. Nyambu akashindwa kuvumilia, akamwambia, "Mama, kama nimekukosea, niambie. Mimi si mtu wa kukasirika."

Mghoi alimtazama. Maneno yalimjaa kifuani, yakasongamana, hata moja lisipate njia. Akachomoa kiazi kwenye majivu, akakipangusa vizuri, akampa. Nyambu akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama mtoto aliyelelewa vema, kisha akageukia ukuta akalia polepole.

Mwaka uliofuata Nyambu alishika mimba. Tumbo lilipokuwa kubwa, Mwadime na wanaume wenzake walishuka nyikani kutafuta chumvi, maana iliyokuwepo ilikuwa imekwisha kijiji kizima. Kama wajawazito wengi, Nyambu alitamani udongo mweupe wa kutafuna. Udongo huo Ichasenyi hupatikana mahali pamoja tu, mteremkoni juu ya genge. Mghoi ndiye aliyekuwa akimchimbia. Lakini siku hiyo Mghoi alikwenda kupalilia mapema, na hamu ikamzidi Nyambu. Akamuaga jirani yake Wakesho, akachukua kikapu, akaenda mwenyewe huku akiimba.

Jua lilikuwa limepinduka Mghoi aliporudi. Nyuma yake, kilele kilikuwa tayari kimefunikwa. Alikuta moto unawaka vizuri na chungu kimeinjikwa, lakini Nyambu hayupo. Alitoka uani. Wakesho alikuwa mlangoni pake, anavuta mbuzi wa mwisho ndani, na ukungu ulikuwa umekwisha kufika kwenye paa lake, kwa hiyo hakuthubutu kusema. Alichora kwa mkono tumbo la mjamzito, kisha akaelekeza kidole juu, kule gengeni. Macho yake yalikuwa yamejaa huruma. Halafu akafunga mlango.

Mghoi naye aliingia ndani akafunga mlango, maana miguu hufuata ilichozoea. Akakaa. Kijiji chote kilikuwa kimya. Aliusikia ukungu ukigusa majani ya paa, ule mdondoko mdogo mdogo wa maji. Akasikiliza upande wa upenuni. Hakuna aliyepita. Akawaza kwamba hata akipita mtu, atapita kimya, naye atakuwa ndani kimya, na kesho watu watasoma nyayo.

Akasimama, akafungua mlango, akatoka nje.

Alipofumbua mdomo, kilichotoka kwanza kilikuwa pumzi tu. Sauti yake ilikuwa imelala miaka mingi. Alijaribu tena, ikatoka kitu kama mkwaruzo wa mlango mkongwe. Mara iliyofuata ikatoka nzima, na ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

"Nyambu!"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina.

Nyuma ya milango watu walishtuka wakashikana mikono. Alifika mzee mmoja aitwaye Righa, mtunza mila wa kijiji, akipapasa ua kwa fimbo yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mwenye hofu, na nyumbani kwake alikuwa na mjukuu ambaye bado hajazaliwa. Akamwinamia Mghoi sikioni, akanong'ona, "Mama Mwadime, nakusihi. Utawafanya watoto wetu mabubu."

Mghoi akamjibu bila kunong'ona. "Mzee, wahenga kama wanataka sauti, wachukue hii yangu. Mume wangu walimchukua nikiwa nimenyamaza."

Righa hakuondoka. Alibaki pale, ameegemea fimbo, maji ya ukungu yakimtiririka ndevuni.

Mghoi akaita tena na tena. Hatimaye kwa mbali, na kutoka upande ule ule alioogopa, ikarudi sauti nyembamba: "Mama!"

"Simama hapo hapo ulipo! Genge liko karibu nawe. Geuza uso kwenye sauti yangu, uje taratibu. Papasa kwa mguu kwanza."

Nyambu akaja. Lakini kila Mghoi aliponyamaza ili kuvuta pumzi, ukungu uliizungusha njia, na sauti ya Nyambu ikasikika imepinda kwenda kubaya. Mghoi akaelewa kwamba hapaswi kukoma. Ila aseme nini? Nyimbo hakuwa nazo. Kumwita jina tu kulimkausha koo. Ndipo akaanza kusema yale aliyokuwa nayo, na aliyokuwa nayo ni yale yaliyosongamana kifuani muda wote ule.

Akamwambia kwamba pale karibu na moto alimwachia kwa kuwa aliyaona meno yake yakigongana. Akamwambia kwamba anapoimba akisaga, yeye hukaa nyuma ya nyumba akijifanya anachambua mboga, ili asikilize mpaka mwisho. Akamwambia kwamba Mwadime alikuwa mtoto mpweke, na sasa anacheka usingizini. Akamwambia yale maharage aliyala yote kwa sababu yaliungua vile vile ambavyo mama yake mzazi alikuwa akiyaunguza, na alipoyaonja alijiona yuko kwao, mdogo. Akamwambia habari za nyayo chini ya upenu, ambazo hakuwahi kumwambia mtu. "Sijakuchukia hata siku moja, mwanangu," akasema. "Njoo. Usisimame. Njoo."

Kijiji kizima kilisikia maneno hayo kupitia nyufa za milango. Nyambu naye alisikia. Baadaye alisema kwamba mwanzoni hakujua ni nani anayemwita, maana sauti ile hakuwahi kuisikia, na kwamba alipoanza kuelewa maneno, machozi yalimziba macho, lakini haikudhuru kitu kwa kuwa macho hayakuwa na kazi mle.

Halafu sauti ya Mghoi ikakatika. Ilikwisha mara moja, kama maji ya mtungi. Akafumbua mdomo, hakikutoka kitu. Huko juu Nyambu akaita, "Mama?" na jibu likakosekana, na kokoto zikasikika zikiporomoka chini ya mguu wake.

Mlango wa Wakesho ukafunguka. Wakesho alisimama kizingitini, mtoto mgongoni, akapaza sauti, "Nyambu, huku! Ni mimi jirani yako. Ule ungo ulioniazima, niliposema sikumbuki nilikouweka, nilikuwa nataka tu upate sababu ya kurudi tuongee." Sauti yake ilipochoka, akapokea mwanamke wa nyumba ya chini, akamwambia Nyambu kwamba watoto wake humwigiza namna anavyosalimu. Wakapokezana hivyo, nyumba kwa nyumba, milango ikifunguka mmoja baada ya mwingine. Mwisho kabisa alipokea Righa. Hakuwa na la kumwambia binti yule, kwa maana alikuwa hajawahi kusema naye. Alimwambia tu, kwa sauti yake ya kizee, kwamba ua uko hapa, ashike ua, amekwisha fika.

Nyambu alitokeza ukunguni akiwa ametapakaa udongo mweupe hadi kwenye nywele, amechubuka magoti, na kikapu bado kiko mkononi. Mghoi alimshika mikono yote miwili, akaipapasa, akamshika tumbo, akamshika uso. Kusema hakuweza.

"Mama," Nyambu akasema, akilia na kucheka, "kumbe maharage yangu unayapenda."

Mghoi akatikisa kichwa kukubali, na safari hii Nyambu akaelewa.

Basi ikabaki hofu ya mwiko. Miezi ile Ichasenyi walitembea kama watu waliokanyaga mayai. Sauti ya Mghoi haikurudi kama zamani. Ilibaki ya kukwaruza, ya chini, na wengine walinong'onezana kwamba wahenga wamechukua walichotaka na sasa watachukua na cha mtoto. Mwadime alirudi na chumvi, akasimuliwa, akamshika mama yake bega. Uchungu ulipomshika Nyambu, watu walikusanyika uani bila kuitwa. Righa alisimama mbele, ameinamisha kichwa. Kukapita muda. Kisha kikatoka kilio ndani ya nyumba, kikali, cha hasira, kilichovuka uzio kikateremka mashamba yote hadi mferejini. Alikuwa msichana. Righa aliketi chini palepale alipokuwa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake yakatikisika. Alipoinuka alisema kwamba huenda wahenga huja ukunguni kusikiliza, nasi miaka yote tumekuwa tukiwanyima la kusikia.

Na tangu siku hiyo, ukungu ukishuka Ichasenyi, milango hufunguliwa. Aliye nyumbani husimama kizingitini akasema na aliye nje, mpaka wa mwisho afike. Hawaiti majina peke yake. Humwambia mtu yale mema ambayo uso kwa uso hawawezi kuyasema: mume humwambia mke, mkwe humwambia mkwe, waliogombana huambiana kwamba ugomvi umewachosha. Ukungu ukiinuka, hakuna anayemkumbusha mwenzake alichosema. Hiyo ndiyo adabu yake. Watu hurudi kwenye viazi vyao na mbuzi wao, wanasalimiana kwa kifupi kama kawaida ya watu wa baridi.

Ndiyo maana mkipita njia ile siku ya ukungu mkamwona mtu wa Ichasenyi amesimama karibu kabisa na kwake, ua anauona, mlango anauona, na bado hasogei, msimharakishe. Hajapotea. Anasikiliza.